Daftari la Maji, Arusha Chini

Kila alfajiri, kabla sijakoroga uji,
nashuka na daftari hadi kwenye ubao wa kipimo,
mweupe, tarakimu nyeusi, uliochomekwa topeni
na watu wa ofisi ya bonde waliokuja na buti za mapajani.
Nasoma, naandika. Tarehe, saa, mita, sentimita.
Malipo yangu hupita kwenye simu mwisho wa mwezi,
yakikumbuka kupita.

Sangiwa, mdogo wangu, haamini tarakimu.
Yeye hupima kwa upondo:
ukizama hadi kiganjani, kuna kambale;
ukiishia kifuani, perege;
ukigonga mapema, husema, "Leo mboga za majani."
Mtumbwi wake una viraka vinne vya lami
na jina alilolichoma kwa msumari wa moto: SIDAIWI.
Anadaiwa nyavu mbili na Aikande wa dukani.

Mwaka ule wa mafuriko
maji yalikula nyanya za Mghamba tuta kwa tuta.
Tukamvua kambale katikati ya shamba,
tulipompasua, tumboni mbegu za nyanya.
Mghamba akamnunua yule yule, bila kuomba apunguziwe.
"Basi nimevuna," akasema,
akaondoka naye akining'inia kidoleni.

Sasa ni mwaka wa pili mlima uko mabega wazi,
na huko juu kila mfereji una mwenyewe.
Miwa inakunywa, mpunga wa Kahe unakunywa,
kinachobaki kinatufikia
kama salamu iliyopitia midomo mingi.
Bwawa linarudi nyuma. Hatua kumi. Hatua ishirini.
Palipokuwa kina, watoto wameweka magoli
kwa visiki vya migunga iliyokufa imesimama
kabla mama hajaolewa,
visiki vile vile vinavyochana nyavu za Sangiwa
maji yakivifunika.

Jumanne tarakimu zikaisha.
Sifuri ilikuwa juu ya tope lililopasuka,
ina kinyesi cha korongo.
Nikapiga simu ofisini.
"Kipimo kinasema nini?" akauliza kijana.
Nikamwambia kimenyamaza.
"Basi andika hakuna."

Hakuna! Na mimi nayaona,
yamekaa kule yakimetameta
kama mgeni aliyesogeza kiti bila kusema kitu.

Nikavua kandambili, nikaanza kuhesabu toka ubaoni.
Hatua ya thelathini na moja mguu ukakwaa.
Nikachimbua kwa vidole. Jiwe, lakini si la mto:
limebonyea katikati, laini kama shavu,
na pembeni pamelika upande mmoja zaidi,
mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto.
Mtama ulisagwa hapa. Mtu alipiga magoti
mahali ambapo mimi nimewahi kupita na mtumbwi juu ya kichwa chake.
Walipoambiwa maji yanakuja
alibeba watoto, vyungu, kuku miguu juu,
hili likamshinda.

Sangiwa akalizunguka, akalipima kwa macho.
"Hili," akasema, "linafaa nanga."

Nilimnunia hadi saa tisa.
Kisha nikafikiri: litakaa nyumbani kwangu lifanye nini?
Unga nanunua wa mashine.
Nikaishika kamba upande huu, yeye upande ule,
tukalifunga fundo mara tatu.
Litazama tena, ila safari hii
kuna mtu juu atakayelivuta.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikafungua daftari.
Safu ya mita: chini ya sifuri,
hatua arobaini na mbili za mwanamke mfupi.
Safu ya maoni, ambayo hakuna anayeisoma:
perege sita, wadogo.
Wawili tumewarudisha.